Siku Tano za Nyuma ya Daftari

Kila siku saa tatu kamili asubuhi, iwe jua, iwe baridi ya kukata masikio, Askale Gebremeskel alitoka stoo ya maabara na gilasi ya kupimia mkononi na penseli nyuma ya sikio. Alivuka uwanja wa shule, akafungua kijigeti cha waya, akachuchumaa mbele ya kopo la shaba lililozikwa nusu ardhini. Alitoa chupa iliyokuwa ndani, akamimina maji kwenye gilasi, akainama hadi jicho likawa sawa na maji, akasoma. Kisha akaandika. Siku isiyo na maji aliandika sifuri, kwa sababu sifuri nayo ni habari.

Kazi hiyo haikuwa yake. Shule ya Wayra Amba ilimwajiri kutunza stoo: chupa, mizani, mifupa ya plastiki, taa za spiriti. Kile kipima mvua kiliwekwa na watu wa hali ya hewa, wakamkabidhi mwalimu wa jiografia, naye baada ya miezi miwili akahamishwa. Siku ya kuondoka alimletea Askale funguo. "Dada yangu, nishikie wiki moja tu, mpaka aje mwingine."

Wiki ile sasa ilikuwa na miaka ishirini na nane. Askale alikuwa binti mwenye kicheko. Sasa alikuwa mjane wa miaka hamsini na minne, magoti yanalia akichuchumaa, na wanafunzi wanamwita Etye, kama wanavyomwita kila mwanamke mkubwa wanayemheshimu. Wenye utani walimwita Etye Mvua.

Kila mwisho wa mwezi alinakili namba zake kwenye karatasi na kuituma mjini. Haikurudi barua hata moja, si ya shukrani wala ya lawama. Hilo halikumuudhi. Lililomsumbua ni kwamba hakujua namba zake, zikikusanywa zote mahali pamoja, zinasema nini. Alikuwa kama mtu anayemuuliza jirani swali kila asubuhi kwa miaka ishirini na nane, na jirani anamtazama tu.

Kwa hiyo mwezi wa Ginbot, miezi miwili kabla ya kustaafu kwake, tangazo lilipobandikwa mlangoni kwa mkuu wa shule, Askale alilisoma mara tatu. Wanafunzi wa shule kumi na moja wangekusanyika Wayra Amba kwa siku mbili kujadili mabadiliko ya tabianchi, pamoja na wataalamu wageni. Kwenye ratiba, mada ya tatu ya siku ya kwanza: "Miaka Ishirini na Nane ya Mvua ya Wayra Amba. Dkt. Selamawit Abera." Miaka miwili nyuma msaidizi wa daktari huyo alikuja na kamera, akapiga picha madaftari kwenye meza ya stoo, akanywa kahawa vikombe vitatu, akaenda zake. Tangu hapo alituma ujumbe kila mwaka kuomba picha za daftari jipya. Askale alidhani na hizo zimezama kama zile karatasi za kila mwezi.

Siku ya kongamano alipima mvua (sifuri), akajitanda netela, shuka yake nyeupe ya kanisani, akaelekea ukumbini. Langoni alikuwapo Gashe Belihu, mlinzi, ambaye ulimi wake haukuwahi kulala.

"Ehee! Leo Etye Mvua anaolewa?"

"Niolewe na nani, na wewe ndiye mwanamume pekee uliyebaki hapa?"

"Mimi siwezi. Mwanamke anayepima hata tone, atanipimia na supu."

"Fungua mlango, Gashe, nisichelewe bure kwa ajili ya supu yako."

Alikaa kiti cha nyuma kabisa, karibu na mabirika ya chai. Mbele yake kulikuwa na vichwa vya wanafunzi kama mia mbili. Mgeni wa kwanza alizungumzia moshi wa viwanda, wa pili misitu. Askale alisikiliza kwa adabu, lakini moyo wake ulikuwa kwenye mada ya tatu, kama mtoto anayekula mchuzi wa shiro huku jicho liko kwenye asali.

Dkt. Selamawit alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, miwani ameipandisha kwenye paji la uso. Hakupoteza muda. Alibonyeza kitu, na kwenye ukuta mweupe ukatokea mstari wa buluu wenye miiba, mirefu na mifupi, kutoka ukingo mmoja hadi mwingine.

"Hii," alisema, "ni mvua yenu. Kila siku, tangu wengi wenu hamjazaliwa."

Askale alisimama bila kujijua. Birika likagonga meza. Aliutambua! Mwiba ule mrefu kuliko yote ulikuwa mwezi wa kumi na mbili, Nehase, wa mwaka ambao ukuta wa jiko la shule ulianguka. Shimo lile tambarare lilikuwa mwaka ambao ng'ombe walilishwa nyasi za mapaa. Asubuhi zake zote zilikuwa pale ukutani, zimesimama mstari mmoja kama wanafunzi wakati wa bendera. Aliketi polepole, akafuta macho kwa ncha ya netela, akacheka peke yake.

Ndipo picha ya pili ikaja.

"Hapa nimechukua mvua ya mwisho wa msimu tu," alisema daktari. "Kuanzia siku kumi za mwisho za Nehase mpaka siku kumi za kwanza za mwaka mpya. Tazameni."

Mstari ulikwenda sawa kwa miaka kumi na miwili, kisha ukashuka ghafla, kama mtu aliyekosa ngazi gizani, na huko chini ukabaki.

"Mvua kubwa siku hizi inafunga mapema. Karibu sehemu ya tano ya maji ya mwisho imepotea." Ukumbi uliguna. Daktari akaendelea kwamba saa kumi jioni wanafunzi watasoma azimio lao, nalo litapelekwa kwa mkono ofisi ya kilimo: wakulima waache ile shayiri ya polepole inayongoja maji ya mwisho, wapande ya haraka.

Mkuu wa shule, Ato Gebeyehu, alipiga makofi kuliko wote.

Askale hakupiga. Alikuwa akiwaza viatu vyake. Kila Pagume viatu vyake vililowa, mwaka hadi mwaka, hata mwaka jana. Pagume ndio mwezi wao wa kumi na tatu, zile siku tano, mara moja kila miaka minne sita, zinazobaki baada ya miezi kumi na miwili ya siku thelathini thelathini. Siku hizo tano ziko katikati kabisa ya kipande cha mwaka alichokichora daktari. Mvua yake ilikuwa imekwenda wapi?

Alihesabu kwa vidole chini ya netela. Mwaka wa kumi na tatu. Nini kilitokea mwaka wa kumi na tatu? Si angani. Stoo.

Mwaka ule ofisi ya mjini iliacha kuleta madaftari yaliyopigwa chapa. Yale ya zamani yalikuwa na kurasa kumi na tatu, wa mwisho mfupi. Tangu hapo Askale alinunua daftari la kawaida la shule, akachora mistari mwenyewe kwa rula, ukurasa mmoja kwa kila mwezi wenye siku thelathini. Pagume, ambayo haijazi ukurasa, aliiandika ndani ya jalada la nyuma, ili karatasi isipotee bure. Kijana wa kamera alipiga kurasa kumi na mbili, akafunga. Picha za baadaye Askale alizipiga mwenyewe, na kwa kuwa kijana aliomba "kurasa za miezi," alimpa kumi na mbili.

Kumbe mvua haikupotea. Ilikuwa imelala nyuma ya daftari.

Angeweza kuinua mkono pale pale. Mkono haukuinuka, kwani ndani ya majalada yale kulikuwa na jambo jingine ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Kila mwaka, tangu mwaka wa nne, kwenye tarehe tatu ya Pagume hapakuwa na namba. Palikuwa na msalaba mdogo wa penseli.

Tarehe tatu Pagume ni siku ya Malaika Ruphael. Mvua ya siku hiyo haikimbiwi. Watu hutoka nje vichwa wazi, watoto huoga uchi barabarani wakipiga kelele. Mwaka ule wa nne, saa tatu ilipokaribia, alimkuta Weizero Tiruwork wa nyuma ya shule amesimama kwenye kijigeti na glasi ya chai, mjukuu mgongoni, macho ya mtoto yamevimba.

"Maji ya kopo lako hayajagusa paa wala udongo," alisema yule mama. "Nipe, Askale."

"Nikishapima tu, mama."

"Hapana! Kabla hujayahesabu. Baraka ikihesabiwa huondoka."

Askale alimtazama mtoto. Akatoa chupa, akamimina. Mwaka uliofuata walikuja wanawake saba. Baada ya hapo hakuweza kukataa, na hakuweza kudanganya, basi akaweka msalaba. Misalaba ishirini na mitano sasa. Chombo cha serikali, na yeye aliyeaminiwa maji akayagawa. Bado miezi miwili aondoke na jina safi. Akilifungua jalada la Pagume, atakuwa amefungua na hiyo.

Chakula cha mchana kiliandaliwa kwenye hema. Askale aliweka kipande cha mkate wa injera sahanini akakiacha kikauke. Msichana mmoja akaja kuketi kando yake, karatasi na kalamu mkononi. Alikuwa Hirut, wa kidato cha mwisho, katibu wa klabu ya mazingira na ndiye angesoma azimio.

"Etye, naomba nikuulize. Usinicheke."

"Uliza, mwanangu."

"Ule mstari. Mbona umeshuka siku moja? Mabadiliko yote waliyotuonyesha asubuhi yanakwenda kidogo kidogo. Huu umeanguka kama umesukumwa. Mvua inajuaje kwamba miaka kumi na miwili imetimia?"

Gashe Belihu, aliyekuwa akipita na sahani ya pili, akasimama. "Huyu mtoto atakosa mume. Anauliza mpaka mvua umri wake!"

"Gashe, wewe sahani hiyo ni ya ngapi?" Hirut akamjibu.

"Haihesabiwi. Ikihesabiwa baraka inaondoka."

Alicheka akaenda zake, hajui alichokichoma. Askale akasema polepole, "Mvua haijui, Hirut. Ni mimi niliyebadilisha daftari."

Akamwambia yote ya jalada. Ya msalaba hakuyasema.

Macho ya msichana yalipanuka. "Etye! Na umekaa hapa na injera? Azimio ni saa kumi!"

"Nimekaa naogopa."

"Unaogopa nini, na namba ni za kwako?"

Swali lile halikuwa na ukali, lilikuwa swali tu, na labda ndiyo maana lilimwingia. Askale alifikiri: mjomba wake mwenyewe hupanda ile shayiri ya polepole. Mwaka kesho ataambiwa aiache, kwa sababu ya maji ambayo yeye Askale aliyashika kwa mikono yake na kuyaficha nyuma ya jalada. Akapiga moyo konde. Akainuka, magoti yakalia, akaenda stoo, Hirut nyuma yake.

Walimkuta Dkt. Selamawit chini ya hema akinywa kahawa na mkuu wa shule. Askale aliweka madaftari kumi na sita mezani, kati ya vikombe na bakuli la kolo, shayiri ya kukaanga, akaligeuza la juu kifudifudi, akafungua jalada.

"Daktari, samahani. Pagume iko huku."

Daktari aliteremsha miwani. Alisoma. Akachukua daftari la pili, la tatu, la nne, kila moja akilifungulia nyuma, na kila mara midomo yake ikikaza zaidi.

"Na sisi tuliweka nini mahali pake?" aliuliza, kama anayejiuliza mwenyewe. "Kompyuta ilikuta siku tupu. Tukajaza sifuri." Akageuka. "Miaka kumi na sita, siku tano tano. Nimewaambia watoto mia mbili uongo."

"Si uongo," alisema Askale. "Hukujua. Mimi nilijua wala sikusema mapema."

"Hirut ndilo jina lako? Soma namba, mimi naandika. Haraka."

Hirut akaanza kusoma. Daftari la mwaka wa kumi na tatu: tarehe moja, milimita tisa nukta mbili, tarehe mbili, sita kamili, tarehe tatu... Akasita.

"Hapa pana msalaba."

"Hata madaftari ya zamani yana huo msalaba," alisema daktari bila kuinua kichwa. "Tulidhani ni sikukuu, hukuja kazini."

Mlango wa kutokea ulikuwa huo, umeachwa wazi kabisa. Askale alihitaji tu kuitikia. Aliutazama ule msalaba, mkono wake mwenyewe, penseli iliyochongwa vizuri.

"Nilikuja," alisema. "Sijawahi kukosa. Siku hiyo maji nawapa wanawake kabla sijapima. Ni maji ya Ruphael. Wanasema yakihesabiwa hayafai tena."

Ato Gebeyehu aliweka kikombe chini. "Etye Askale! Miaka yote hii? Maji ya kipimo cha serikali? Sasa wageni watayaaminije hata mengine?"

Ndipo daktari akainua kichwa.

"Ato Gebeyehu, ngoja. Angeandika kumi. Angeandika tano. Ningejuaje? Nimefanya kazi na vituo ambavyo hakuna msalaba hata mmoja, na kila Jumapili mvua ni ileile ya Jumamosi." Akamgeukia Askale. "Mtu aliyeweka msalaba mara ishirini na tano ili asiandike namba asiyoijua, namba zake nyingine nitaziamini nikiwa nimefumba macho. Misalaba nitaiacha tupu, si sifuri. Endelea, Hirut."

Ilichukua nusu saa. Daktari alipobonyeza mara ya mwisho, mstari ulichorwa upya kwenye kioo kidogo cha kompyuta. Ngazi ilikuwa imejaa. Mvua ya mwisho wa msimu ilikwenda juu na chini mwaka hadi mwaka, kama kawaida yake, lakini haikuwa imekimbia.

"Basi mambo ni salama?" aliuliza mkuu wa shule, sauti ikianza kuchangamka.

Daktari alifungua picha nyingine, ile aliyokuwa ameiweka kwa siku ya pili. Ilikuwa ya mvua ndogo, ile ya miezi ya kiangazi kabla ya mvua kubwa, ambayo watu wa mlimani huipandia shayiri yao ya kwanza. Mstari ulishuka taratibu, mwaka baada ya mwaka, bila ngazi yoyote, kama mteremko wa kwenda mtoni.

Askale aliinama kuutazama, jicho sawa na kioo, kama anavyoinamia gilasi.

"Na huu? Huu nao nimeukosea wapi?"

"Nimeutafutia kosa mwezi mzima, Etye," alisema daktari. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. "Kurasa zote zipo. Huu ni wa kweli."

Askale alizikumbuka zile sifuri za mwezi wa Megabit, katikati ya mvua ndogo. Alizichora moja moja, za mviringo, nadhifu. Kila moja ilikuwa ya asubuhi yake tu. Hakuwahi kuziona zimeshikana mikono. Hili ndilo jibu ambalo jirani alimnyima miaka yote. Halikuwa zuri. Hata hivyo alihisi kitu kama shukrani, kwa kuwa hatimaye amejibiwa.

Saa kumi Dkt. Selamawit alisimama mbele ya ukumbi akasema, "Asubuhi nilikosea," akaonyesha kosa lilipokuwa. Kijana mmoja wa shule ya mbali akapaza sauti, "Kumbe na madaktari hawageuzi karatasi upande wa pili!" Ukumbi ukapasuka kwa vicheko, na daktari akacheka nao. Kisha Hirut akasoma azimio lililofutwafutwa na kuandikwa pembeni: shayiri ya polepole iachwe ilivyo, kinachohitaji kufikiriwa ni mvua ndogo, na wale wanaoipandia. Chini yake aliongeza sentensi ambayo hakuna aliyemwagiza: namba hizi zimepimwa na Etye Askale Gebremeskel, stoo ya maabara. Wasichana wa mbele waligeuka kumtafuta. Yeye alikuwa akikusanya vikombe.

Walipotoka nje Hirut alimfuata hadi kwenye kijigeti cha waya.

"Etye, kwa nini usiweke kopo la pili? Moja la kuhesabu, moja la Ruphael."

Askale alisimama na funguo mkononi.

"Miaka ishirini na mitano!" Gashe Belihu alipiga makofi kutoka langoni. "Amepima kila tone la Wayra Amba, akili ikavuja!"



Pagume ilipofika alikuwa amekwisha kustaafu, na funguo alikuwa nazo mwalimu mpya wa jiografia, ambaye alimwomba aje tarehe tatu. Usiku mvua ilikuwa imenyesha. Makopo mawili yalikuwa kando kwa kando, yote ya shaba. La pili lilitumwa na daktari. Weizero Tiruwork, sasa mzee wa kushikwa mkono, alikuwa mbele ya foleni ya wanawake na glasi yake.

"Na Ruphael hatachanganya?" mmoja alinong'ona. "Yamekaa jirani hivi, la kuhesabu na lisilohesabiwa."

"Malaika wewe unamfundisha kazi?" Tiruwork alimkemea. "Mimina, Askale."

Askale akamimina glasi baada ya glasi hadi chupa ikakauka. Kisha ilipogonga saa tatu akachuchumaa mbele ya kopo la kwanza. Kwa miaka ishirini na mitano hakuwa amejua mvua ya siku hii ni kiasi gani. Akamimina polepole kwenye gilasi. Akainama.

"Kumi na moja nukta nne," alisema.

Mwalimu alikuwa ameshika daftari jipya, lenye kurasa kumi na tatu. Alimpa penseli. Askale aliandika namba ile kwenye mstari wa tatu, ambapo kwa miaka hiyo yote palikuwa na msalaba, akaitazama kwa muda mrefu.

"Kumbe ndicho kiasi chake," akasema, akampa mwalimu penseli.